Kimo cha Tairi, Mkao wa Gari

Jioni hii nina maneno na wenye magari ya zamani: Land Rover ya marehemu baba inayolala chini ya mparachichi, Peugeot iliyowahi kufanya teksi, Land Cruiser iliyopumzishwa na kampuni ya utalii ikauzwa kwa bei ya maelewano. Nataka tuzungumze juu ya matairi na rimu. Ufunge ukubwa gani ili gari lisimame likapendeza, na likishapendeza liweze pia kupanda huku kwetu Nkoaranga, mlimani Meru, wakati wa masika na kushuka salama?

Mnakumbuka Oktoba 2024, Arusha ilipokuwa na tamasha la Land Rover. Mamia ya magari hayo yalikusanyika, na watu wakatoka majumbani kuyatazama yakipita. Kulikuwa na za kila namna, kuanzia zile kongwe za milango ya bati jembamba hadi za juzijuzi zenye kompyuta. Mtu mwenye jicho alitambua jambo moja upesi. Magari mawili ya umri mmoja, rangi moja na bodi moja, lakini moja linavuta macho na lingine linaonekana limekosa kitu. Ukichunguza, unakuta tofauti iko chini. Moja limevaa matairi ya kimo chake. Lingine limefungwa matairi mapana yaliyotokeza nje ya bodi, yamelijaza lile tundu la gurudumu hadi hakuna nafasi ya kupitisha mkono. Mwenye gari hilo la pili ametumia fedha nyingi zaidi, na gari lake ndilo lililoharibika sura.

Mkao wa gari unaundwa na mambo matatu. Kwanza kimo cha tairi, yaani urefu wake kutoka ardhini hadi juu. Pili upana wake. Tatu ni mahali gurudumu linapokaa chini ya bodi, limeingia ndani au limetokeza nje. Vijana wengi huanza na upana, kwa kuwa upana ndio unaoonekana kwenye picha. Mimi nasema tuanze na kimo, na kwa barabara zetu hizi sitabadili kauli. Kimo kikiwa sahihi, gari limeshapata robo tatu ya uzuri wake. Kikikosewa, hata ukifunga rimu za bei ya ng'ombe wawili gari litabaki limekaa vibaya.

Aliye na kalamu aichukue, maana hesabu yenyewe ni nyepesi. Ubavuni mwa tairi la kisasa pameandikwa, kwa mfano, 235/85R16. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu wa tairi kwa asilimia ya huo upana. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Basi chukua 235, tafuta asilimia 85 yake, unapata karibu 200. Ubavu uko juu na chini, kwa hiyo ni 400. Rimu ya inchi 16, kila inchi milimita 25.4, inakupa 406. Jumla ni milimita 806. Hicho ndicho kimo cha tairi lako.

Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa tairi la 265/75R16. Utapata 804. Umeona ajabu hiyo? Tairi moja ni jembamba, lingine ni pana kwa sentimita tatu, na kimo chao ni kilekile. Na lile tairi la kizamani linaloandikwa 7.50R16, ambalo mafundi wetu huliita saba hamsini, nalo linacheza humohumo kwenye milimita 800 na kidogo. Kwa hiyo anayekwambia kwamba ukitaka gari lisimame juu lazima uvae tairi pana, amekudanganya. Unaweza kusimama juu ukiwa mwembamba, na Land Rover za zamani zilichorwa hivyo.

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza kule Amsterdam mwezi Aprili 1948. Zile tunazokutana nazo huku mlimani ni za miaka ya baadaye, hasa Series II iliyoanza 1958 na Series III iliyoanza 1971. Ziko fupi, ambazo ekseli ya mbele na ya nyuma zimeachana inchi 88, na ziko ndefu za inchi 109. Kiwandani ile fupi ilivishwa tairi la 6.00-16, na ile ndefu ilivishwa 7.50-16. Rimu za zote mbili zina matundu matano yenye nafasi ileile, kwa hiyo rimu ya ndefu inaingia kwenye fupi bila ugomvi. Hapo ndipo watu wanapoteleza. Kwa kuwa inaingia, wanadhani inafaa.

Nilikuwepo siku mzee mmoja wa huku alipoipeleka Land Rover yake fupi kwa fundi kijana, gereji ya kando ya barabara kuu. Kijana alikuwa amelala chini ya gari jingine, akatoka akijifuta grisi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Nataka uiinue hii. Uifunge saba hamsini, iwe kama zile zinazokwenda Serengeti."

Fundi hakubisha. Alipiga jeki mbele, akafungua gurudumu la kushoto, akafunga moja la saba hamsini alilokuwa nalo, akashusha jeki. Kisha akamwomba mzee aingie akate usukani wote kulia, halafu wote kushoto. Mimi nilichuchumaa pembeni. Usukani ulipofika mwisho, ubavu wa tairi uligusa springi ya mbele, na meno ya tairi yakaacha mstari mweusi kwenye chuma. Fundi akapitisha kidole cha shahada sehemu iliyogusa, akamwonyesha mzee.

"Hapa limesimama halina kitu, babu. Ukipakia, ukakutana na shimo huku umekata kona, litasaga mpaka litoboke."

"Si kuna ile bolti ya kuzuia usukani?"

"Ipo, naweza kuitoa nje kidogo. Lakini gari halitakata kona vizuri tena. Ile kona ya kwako pale juu utaipiga mara mbili."

Mzee alinyamaza, kisha akauliza swali ambalo ningetamani kila mmoja wenu aulize: kwa hiyo gari hili lenyewe linataka nini? Mwishowe walikubaliana na tairi la 205R16, ambalo kimo chake ni karibu sana na lile la kiwandani, yaani milimita 730 na ushee. Ndilo tairi ambalo Range Rover ilitoka nalo kiwandani kuanzia 1970. Yalipofungwa yote manne, gari likasimama limenyooka, tundu la gurudumu limejaa kiasi chake, na usukani unazunguka mwanzo hadi mwisho bila kugusa popote.

Lakini kugusa springi ni kasoro ndogo kuliko zote. Tazama tofauti ya kimo. Kutoka milimita 730 hadi 805 ni nyongeza ya asilimia 10. Nyongeza hiyo unailipa mara tatu. Unailipa kwenye nguvu, kwa sababu kila mzunguko wa ekseli sasa unalisukuma gari umbali mrefu zaidi, na injini ileile ya lita 2.25 inapoteza sehemu ya kumi ya mvuto wake. Kwenye lami ya Usa River hutajali. Ukianza kupanda huku na magunia nyuma, utajikuta unashikilia gia namba moja pale ulipozoea kupanda kwa namba mbili, na klachi inaanza kunuka.

Unailipa kwenye breki. Land Rover fupi ina ngoma za breki za inchi 10, wakati ndefu ina za inchi 11. Aliyeiumba alijua kwamba tairi refu linahitaji breki yenye mkono mrefu zaidi. Ukilichukua tairi la ndefu ukaliweka kwenye breki za fupi, umepunguza uwezo wa kusimama, na unapunguza ukiwa kwenye mlima. Kupanda Nkoaranga ni nusu ya safari tu, lazima ushuke. Hapa naomba nisikike vizuri, kwa sababu tumezika watu kwa breki zilizoshindwa kwenye miteremko ya mkoa huu.

Na unailipa kwenye mshale wa spidi. Mshale haujui kwamba umebadili matairi. Unahesabu mizunguko tu. Ukisoma 50 ukiwa unapita Tengeru, kwa kweli uko kwenye 55, na askari mwenye tochi anaijua hiyo 55 yake. Utabishana naye bure, ukiapa kwa mshale wako, na yeye ndiye mwenye haki.

Usipende kuamini karatasi peke yake. Kuna namna ya kupima kimo cha tairi nyumbani ambayo haihitaji chombo chochote zaidi ya chokaa na futi ya fundi seremala. Weka gari mahali tambarare. Chora alama ya chokaa kwenye tairi pale linapogusa ardhi, na nyingine ardhini papo hapo. Sukuma gari taratibu hadi alama ya tairi irudi chini, uchore tena ardhini. Pima umbali kati ya alama mbili za ardhini, gawanya kwa 3.14. Jibu litakuwa pungufu kidogo ya lile la hesabu, kwa sababu uzito wa gari hulibonyeza tairi, lakini ndilo jibu la kweli la gari lako, na matairi yako, na upepo uliojaza. Fanya hivyo kwa tairi la zamani kabla hujalitupa. Ukienda dukani unakwenda na namba yako mkononi, hutegemei maneno ya muuzaji.

Sasa tuwageukie wenye Peugeot, maana wao hawana matundu makubwa ya kuchezea. Peugeot 404 ilitoka mwaka 1960, mistari yake imechorwa na Pininfarina wa Italia, na kwa macho yangu hakuna gari la watu wa kawaida lililopendeza kuliko hilo katika barabara za Afrika Mashariki. Liko juu, lina magurudumu membamba ya inchi 15 kwa hesabu ya karibu, Wafaransa wakiyaandika kwa milimita 380. Kwa wembamba huohuo lilishinda mbio za magari za Safari mwaka 1963, likashinda tena 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na wa 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, akiwa na msomaji ramani wake Chris Rothwell. Mbio hizo zilifanyika wakati wa Pasaka, kwenye mvua na tope la Afrika Mashariki nzima. Gari lililoshinda lilikuwa na tairi ambalo leo kijana wa Arusha angelitazama akasema ni la baiskeli.

Kwa nini jembamba lilishinda? Kwa sababu tope letu lina tabaka. Juu ni uji, chini kuna ardhi ngumu. Tairi jembamba linakata uji na kufika chini kwenye ugumu, linapata pa kukanyagia. Tairi pana linaelea juu ya uji kama mtumbwi. Udongo wa Meru, huu mweusi unaotokana na majivu ya volkano, ndio hivyo ulivyo. Kiangazi ni vumbi laini linaloingia hadi kwenye kichujio cha hewa. Mwezi Aprili unateleza hadi watu wanavua viatu. Mara ngapi tumeona gari jipya la kifahari, limevaa tairi pana la lami, limeegemea kingo za shamba la migomba likisubiri kuvutwa, na pikapu kuukuu ya matairi membamba inalipita ikipiga honi?

Mchanga ni habari nyingine, na sitaki nionekane nimesahau. Mwenye safari za Longido, au za ng'ambo ya Ziwa Natron, huko anatembea juu ya mchanga na tifutifu, na tairi pana linamsaidia. Hata hivyo wenye uzoefu huko hupunguza upepo wa matairi yao ya kawaida, tairi likajilaza na kurefusha mguso wake na ardhi, kisha wakiufikia ugumu wanajaza tena. Pampu ndogo ni nafuu kuliko seti ya rimu mpya.

Shida ya mwenye 404 leo ni kwamba tairi lake la asili ni adimu. Akifunga rimu ya inchi 15 ya kawaida kwa tairi la 165R15, yuko nyumbani. Akilikosa hilo, kuna 195/65R15 ambalo limejaa kila duka kwa sababu ya magari madogo ya Toyota. Kimo chake kinapungua milimita 10 hivi tu, mshale wa spidi hautalalamika sana, lakini ni pana zaidi, kwa hiyo akague nafasi ya ndani upande wa shokapu kabla hajalipa. Mwenye 504 ana bahati zaidi. Salun ilitoka na 175 ya rimu 14, lakini la 185R14 lenye herufi C, lile la magari ya mizigo, linapatikana kirahisi. Linaliinua gari chini ya sentimita moja, na ubavu wake mgumu unavumilia mawe. Nimeona watu wakifunga 185/70R14 kwenye 504 kwa kuwa ni ya bei nafuu. Gari linashuka karibu sentimita moja kutoka ardhini, chombo cha mafuta ya injini kinakaribia jiwe, na ule mkao wa kiungwana wa 504, mkia umeinuka kidogo kama linataka kuondoka, unapotea. Mimi nisingelifunga.

Nije kwenye rimu pana na zile pete za kuongezea zinazoitwa spesa, kwa sababu hapa ndipo pesa za vijana zinapokwisha. Rimu ina uso wake unaokutana na habu, na ina mstari wake wa katikati. Umbali kati ya vitu hivyo viwili ndio unaoamua kama gurudumu litaingia ndani au litatokeza nje. Aliyechora gari aliupanga uzito upite karibu na katikati ya beringi. Ukifunga spesa ya sentimita tatu, au rimu iliyotokeza, uzito uleule sasa unaning'inia nje, unazikunja beringi na kuzivuta stadi kila unapopiga shimo. Usukani unakuwa mzito na unakunyang'anya mkono ukikanyaga jiwe la upande mmoja. Kwenye gari la miaka 50, ambalo beringi zake unaagiza na kusubiri, sioni kwa nini mtu ajifanyie hivyo. Tena tairi likitokeza nje ya bodi, tope lote linarushwa ubavuni na kwenye vioo. Gari linakuwa chafu hadi kwenye paa, na bati la zamani linaanza kuoza pale ambapo halikuwahi kuoza.

Rimu za alumini za inchi 17 na 18 nazo nizitaje kidogo tu. Ukiongeza rimu bila kuongeza kimo, lazima upunguze ubavu wa tairi. Ubavu ndio unaopokea jiwe. Ubavu ukiondoka, jiwe linapokelewa na rimu, na alumini ikipasuka imepasuka. Rimu ya chuma ikijikunja, fundi yeyote wa Usa River ataigonga kwa nyundo irudi, utaendelea na safari yako.

Nisiache kusema juu ya zile rimu za pete za Land Cruiser, ambazo pembeni yake kuna mkanda wa chuma unaolishika tairi. Ni imara, na mtu anaweza kuziba pancha porini kwa vyuma viwili na nyundo. Lakini mkanda ule usipokaa sawa, ukijaza upepo unaweza kuruka kama risasi. Toa upepo wote kabla ya kufungua. Unapojaza, funga mnyororo kuzunguka gurudumu, na usisimame mbele yake. Mtoto asikaribie kabisa.

Kisha kuna jambo ambalo wengi hulilaumu tairi wakati tairi halina kosa. Land Rover yako imeinama upande mmoja? Usikimbilie duka la matairi. Springi za gari hilo hazikutengenezwa sawa. Upande wa dereva, ambao kwetu ni kulia, uliwekewa springi yenye upinde mkubwa zaidi, kwa sababu upande huo unabeba dereva na tangi la mafuta. Fundi aliyezifungua zote akazirudisha bila kuangalia, akaweka ya kulia kushoto, amekuachia gari linaloinama, na hakuna tairi litakaloliponya. Kagua springi, kagua bushi zake, ndipo uzungumze habari za mkao.

Ninapozungumza juu ya matairi nikiwa chini ya mlima huu, siwezi kuipita General Tyre. Wasikilizaji wa umri wangu wanajua. Kampuni iliundwa mwaka 1969, Serikali ikiwa na asilimia 74 ya hisa na Wamarekani wa General Tire wakiwa na 26, na kuanzia 1971 matairi yakawa yanatoka hapahapa Arusha. Kulikuwa hata na mashamba ya mpira ya kulisha kiwanda, Kihuhwi kule Muheza na Kalunga kule Kilombero. Baadaye Continental ya Ujerumani iliinunua General Tire mwaka 1987 na kurithi ile sehemu yake. Kuelekea mwisho wa muongo wa kwanza wa karne hii mitambo ilinyamaza, na kila serikali iliyofuata imezungumzia kuifufua.

Naumia kuhusu kiwanda kile, na sina sababu ya kuficha. Mtu wa Nkoaranga alikuwa akishuka asubuhi kwenda mjini na kurudi na tairi lililotengenezwa na jirani yake, la ukubwa unaoendana na magari yaliyokuwa yakitembea kwenye barabara zake. Leo tunachagua katika kile ambacho meli imeleta, na meli inaleta kile kinachouzika kwa wengi. Ndiyo maana saizi za magari ya watalii zipo tele Arusha, na saizi za gari la babu hazipo. Ndiyo maana pia watu wanaishia kufunga kisichofaa, si kwa ujinga, ila kwa sababu dukani hakuna kingine.

Basi ukienda kununua, soma zile tarakimu nne za mwisho katika maandishi ya ubavuni yanayoanza na herufi DOT. Zikiwa 2319, tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la saizi adimu mara nyingi limekaa stoo miaka mingi, meno yake yote yapo, linang'aa, na mpira wake umekwisha kufa. Likunje kidogo kwa dole gumba kwenye ubavu. Ukiona nyufa ndogondogo, liache hata kama saizi yake umeitafuta mwaka mzima. Angalia pia uwezo wa kubeba. Land Rover ndefu iliyojaa watu na mizigo ni nzito, na tairi la gari dogo la kifahari halikuumbwa kwa kazi hiyo hata likiwa na kimo sawasawa.

Na nina ombi moja kwa wote mnaonisikia. Nyuma ya nyumba nyingi huku mlimani, kwenye mabanda ya kuku na kando ya matangi ya maji, kuna rimu za chuma za inchi 16 zenye matundu matano, zimekaa hapo tangu gari la mzee lilipokufa. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita wakiulizia kwa kilo. Msiwauzie. Rimu hizo bado ni nzima, zinaingia kwenye Land Rover za tangu 1958 hadi Defender za zamani, na mwenye gari anayezitafuta yuko kijiji cha pili. Zipigeni msasa, zipakeni rangi, na mumtafute.